Jinsi ya kupata urefu wa rafta na bati kwa kanuni ya Pythagoras kabla hujatoa hela (mwongozo kamili)

Mwaka wangu wa kwanza saiti nilikuwa saidia fundi, tukapewa kazi ya kupaua nyumba ya mama mmoja mstaafu upande wa Mlandizi, nyumba ya kawaida tu ya mgongo wa tembo, yaani paa la pande mbili zinazokutana juu. Fundi mkuu akachukua tepu akapima sakafuni kuanzia katikati ya nyumba mpaka nje ya ukuta, akaongeza sentimita 60 za upenu, akaandika 4.8 kwenye kipande cha karatasi ya simenti, akampa mama aende nacho kiwandani akakatiwe bati. Bati zikaja 36, zote mita 4.8, rangi nzuri kabisa. Tukapandisha la kwanza, chini likakaa vizuri, ila juu halikufika. Lilipungua sentimita 40. Na upande wa pili hivyohivyo, kwa hiyo pale mgongoni pakabaki uwazi wa karibu sentimita 80 unaangalia mbingu.

Bati likishakatwa halirudishwi. Mama alisimama chini anatuangalia, hasemi kitu, na kile kimya mimi sijakisahau. Ikabidi anunue vipande vingine vya kuunga, na rangi ya mzigo wa pili haikufanana na ya kwanza, ukipita pale hadi leo unaona mkanda umezunguka juu ya nyumba.

Zile sentimita 40 zilikuwa zinapatikana kwa hesabu ya dakika tano. Sio hesabu ya injinia, ni ile ya pembetatu mraba tuliyofundishwa shule tukaona haina kazi. Mimi nimeitumia kila wiki tangu siku ile, na naandika hapa yote ninayofanya, kwa namba za nyumba moja kuanzia msingi mpaka bati la kwanza, ili na wewe mwenye nyumba au fundi mwenzangu unayeanza usipoteze hela ya mtu.

Kanuni yenyewe, kwa maneno ya saiti

Chukua kona iliyonyooka, yaani skwea, nyuzi 90. Upande mmoja umelala, mwingine umesimama. Ukivuta uzi kutoka mwisho wa ule uliolala mpaka juu ya ule uliosimama unapata upande wa tatu, huu mimi nauita mshazari. Kanuni inasema: upande uliolala uzidishe wenyewe kwa wenyewe, uliosimama nao uzidishe wenyewe kwa wenyewe, jumlisha, halafu tafuta kipeuo cha pili cha hiyo jumla. Jibu ndo urefu wa mshazari.

Mfano mwepesi ambao kila fundi anaujua hata kama hajui jina lake: 3, 4, 5. Mara tatu tatu ni 9, mara nne nne ni 16, jumla 25, na namba inayojizidisha ikatoa 25 ni 5. Basi.

Jina ni la Mgiriki, Pythagoras wa kisiwa cha Samos, karne ya 6 kabla ya Kristo, lakini watu wa Babeli walikuwa wanazo namba za namna hii zaidi ya miaka 1,000 kabla yake. Kuna kibao cha udongo kinaitwa Plimpton 322, cha kama mwaka 1800 kabla ya Kristo, kiko Chuo Kikuu cha Columbia kule New York, kimejaa namba za pembetatu kama hizi. Nalisema hili kwa sababu kuna mafundi wanaona hesabu ni mambo ya watu wa ofisini wenye kofia nyeupe.

Makosa mawili nayakuta kila mara, bora niyaseme mapema. La kwanza ni mtu kuzidisha kwa mbili badala ya kuzidisha namba yenyewe kwa yenyewe, anaona 4.8 kipeo cha pili anaandika 9.6, wakati 4.8 x 4.8 ni 23.04. La pili ni kujumlisha pande mbili moja kwa moja, 4.8 na 2.0 anapata 6.8 anasema huo ndo urefu wa rafta, ile mbao ya mteremko wa paa. Fikiria mwenyewe: hiyo 6.8 ni njia ya mtu aliyetembea mpaka kona halafu akapanda juu, mshazari unakatisha, lazima uwe mfupi kuliko hiyo jumla na mrefu kuliko kila upande peke yake. Jibu lako lisipokaa katikati hapo, rudia.

Nyumba tutakayotumia

Upana nje kwa nje mita 8.4, urefu mita 12. Paa la mgongo wa tembo, mgongo umefuata urefu wa nyumba. Upenu sentimita 60 pande zote. Kimo cha paa, kuanzia juu ya mbao iliyolala kwenye ukuta mpaka ncha ya mgongo, mita 1.75.

Tumia mita tu mwanzo mwisho. Kama unapenda futi tumia futi tu, ila usichanganye, na hapa kwenye futi kuna mtego umeua hela za watu wengi: futi 5 na inchi 6 SIO 5.6. Futi moja ina inchi 12, kwa hiyo inchi 6 ni nusu futi, unaandika 5.5. Ukiingiza 5.6 kwenye kalkuleta umeshakosea kabla hujaanza. Ndo maana mimi napenda mita, sentimita 60 ni 0.60 hakuna kufikiria.

Hatua ya 1: hakikisha msingi uko skwea, la sivyo huko juu utateseka

Watu wanaruka hapa wakidhani Pythagoras ni ya paa. Hapana. Nyumba ikiwa imepinda chini, kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) hazitalingana, bati zitatoka kama ngazi kwenye upenu, na hapo hakuna wa kulaumiwa ila aliyeseti msingi.

Piga uzi wa upande mrefu, mita 12, ukaze. Kwenye kona weka kigingi chenye msumari juu. Sasa tumia 3, 4, 5 ila nakuomba usitumie mita 3, 4, 5 kwenye nyumba ya ukubwa huu, tumia 6, 8, 10 ambayo ni ileile mara mbili. Sababu ni hii: ukikosea sentimita 1 kwenye ule mshazari wa mita 5, kona imepinda kiasi kwamba ukifika mwisho wa mita 12 umehama kama sentimita 5. Kosa hilohilo la sentimita 1 kwenye mshazari wa mita 10 linakuhamisha sentimita 2 na nusu tu. Pembetatu ikiwa kubwa kosa linakuwa dogo, hii nimeihakikisha kwa mikono yangu.

Kwa hiyo: kutoka kwenye msumari wa kona pima mita 8 kwenye uzi wa urefu, weka alama. Pima mita 6 kwenye uzi wa upana, weka alama. Mmoja ashike sifuri kwenye alama ya kwanza mwingine avute tepu mpaka alama ya pili. Ikisoma 10 kamili kona ni skwea. Ikisoma 10.04 kona imefunguka, sogeza uzi wa upana uelekee ndani. Ikisoma 9.97 kona imebana, utoe nje. Kila ukisogeza, pima upya ile 6, kwa sababu alama imehama.

Tepu iwe imekazwa isining'inie katikati, tepu ikilegea inasoma zaidi ya urefu wa kweli. Na kile kichuma cha mwanzo wa tepu kikiwa kimelegea usikiamini, anzia kwenye alama ya mita 1 halafu toa 1 kwenye jibu.

Ukishapata kona zote nne piga hesabu ya krosi ya nyumba nzima, yaani kutoka kona moja mpaka kona inayotazamana nayo: 8.4 x 8.4 = 70.56, 12 x 12 = 144, jumla 214.56, kipeuo chake 14.648. Krosi zote mbili zisome mita 14.65, tofauti ya milimita chache tu.

Hapa nisikilize vizuri kwa sababu hata mafundi wakubwa wanakosea. Wengi wanasema "krosi zikilingana basi nyumba iko skwea". Haitoshi! Krosi zinaweza kulingana na nyumba ikawa pana mbele na nyembamba nyuma, nimeikuta kabisa, krosi sawa ila mbele 8.40 na nyuma 8.32. Kwanza pande zinazotazamana zilingane, 12 kwa 12 na 8.4 kwa 8.4, ndipo krosi zikilingana una uhakika. Na ukiwa na ile namba 14.65 mkononi tayari unajua sio tu kwamba zinalingana bali zinalingana kwenye namba inayotakiwa.

Hatua ya 2: tafuta ile pembetatu iliyojificha ndani ya paa

Simama mbele ya nyumba uangalie kenchi kwa mbele. Umbo lote ni pembetatu kubwa lakini hiyo sio pembetatu mraba, juu pale kwenye ncha hakuna skwea. Ikate katikati kwa mstari wa wima kutoka kwenye mgongo kushuka chini, sasa una pembetatu mbili zinazofanana na kila moja ina kona ya skwea pale chini katikati.

Upande uliolala ni NUSU ya upana, sio upana wote. 8.4 gawa kwa 2 ni 4.2. Upande uliosimama ni kimo, 1.75. Mshazari ndo rafta, ile mbao inayopanda kutoka ukutani mpaka mgongoni. Wazee wa pwani kwenye nyumba za makuti mti huu waliuita kombamoyo, sisi saiti tunasema rafta, kazi ni ileile.

4.2 x 4.2 = 17.64
1.75 x 1.75 = 3.0625
Jumla = 20.7025
Kipeuo cha pili = 4.55

Rafta kutoka nje ya ukuta mpaka mgongoni ni mita 4.55. Bado upenu.

Hatua ya 3: upenu nao umelala kwenye mteremko

Hili ndo kosa la mtu aliyejitahidi. Amepiga hesabu vizuri amepata 4.55, halafu anaongeza 0.60 ya upenu anapata 5.15. Lakini ile 60 umeipima kwa usawa, kutoka ukutani kwenda nje, na mbao haiendi kwa usawa, inashuka. Kwa hiyo upenu nao una mshazari wake.

Njia rahisi ni kuingiza upenu tangu mwanzo. Upande uliolala uwe 4.2 + 0.6 = 4.8. Kimo nacho kinaongezeka kwa sababu upenu unashuka chini ya usawa wa ukuta. Kiasi gani? Mteremko ni uleule, kwenye 4.2 unapanda 1.75, sasa kwenye 0.6 unapanda 1.75 gawa kwa 4.2 mara 0.6, inakuja 0.25. Kimo kizima 2.0.

4.8 x 4.8 = 23.04
2.0 x 2.0 = 4.00
Jumla = 27.04
Kipeuo = 5.20

Mita 5.20. Angalia: yule wa 5.15 amekosa sentimita 5 na fundi wetu wa Mlandizi aliyeandika 4.8 amekosa 40. Sentimita 40 mara bati 36 ni mita 14.4 za bati ambazo hazikuwepo. Nyumba ile nilikuja kuipima baadaye, ilikuwa vipimo hivihivi.

Kwenye mbao ongeza kama sentimita 5 za kukatia. Mkato wa mwisho wa rafta ukiwa wa wima pande zote mbili, juu na chini, urefu ni uleule 5.20, lakini ukikata mwisho wa chini kwa skwea ya mbao yenyewe unahitaji nyongeza kidogo, kwa mbao ya inchi 4 kwenye mteremko huu ni kama sentimita 4. Ndo maana nasema 5. Na kama mgongoni unaweka mbao nyembamba inayopita katikati ya rafta mbili, toa nusu ya unene wake kila upande.

Kipeuo bila kalkuleta

Simu nyingi ukiilaza kwa upana kalkuleta inafunguka na alama ya √ inatokea. Sasa siku simu imezima chaji uko juu ya ukuta, fanya hivi, ni njia ya zamani na haijawahi kuniangusha.

Unataka kipeuo cha 27.04. Kisia: 5 mara 5 ni 25, basi ni 5 na kitu. Gawa 27.04 kwa 5, inakuja 5.408. Jibu liko katikati ya 5 na 5.408, chukua wastani, 5.204. Ukitaka uhakika rudia: 27.04 gawa kwa 5.204 ni 5.196, wastani wa 5.204 na 5.196 ni 5.20. Mara mbili tu umefika kwenye milimita.

Hatua ya 4: hakikisha chini kabla hujakata mbao hata moja

Mimi siamini karatasi peke yake hata kama nimeiandika mwenyewe. Kwenye sakafu au kwenye uwanja ulionyooka piga mstari wa mita 4.8 kwa uzi wa rangi. Kwenye mwisho mmoja simamisha mstari wa mita 2.0 kwa skwea, hiyo skwea uipate kwa 3, 4, 5 ndogo, sentimita 60, 80 na 100. Sasa vuta tepu kutoka ncha mpaka ncha. Isome 5.20. Ikisoma kitu kingine, tafuta kosa hapohapo, chini, bado mbao ziko dukani.

Kenchi ya kwanza itengeneze juu ya mchoro huohuo wa chini, ndiyo sampo, nyingine zote zinafuata. Hii inaokoa muda kuliko kupima kila rafta peke yake huku saidia fundi wanakusubiri.

Hatua ya 5: geuza urefu uwe orodha ya dukani

Mbao za paini za 2x4 zinazotoka huko Mafinga unazozikuta mbaoni nyingi ni za futi 12, yaani mita 3.66. Rafta yetu inataka 5.25, mbao moja haitoshi. Mbili ni 7.32. Ukiunga kwa kupandisha sentimita 60 inabaki 7.32 toa 5.25 toa 0.60, yaani 1.47. Usitupe hicho kipande. Kijiti cha wima kinachosimama chini ya katikati ya rafta kina kimo cha nusu ya 1.75, sentimita 87.5, kinatoka humo vizuri.

Lakini ile mbao inayotoka chini ya nguzo ya katikati kwenda kushika katikati ya rafta haitoki. Piga: nusu ya 4.2 ni 2.1, nusu ya 1.75 ni 0.875. 2.1 x 2.1 = 4.41, 0.875 x 0.875 = 0.7656, jumla 5.1756, kipeuo 2.275. Mita 2.28 kwa kipande cha 1.47, haiwezekani, kwa hiyo hizo weka kwenye orodha mapema. Nimeona watu wanamaliza mbao siku ya pili ya kupaua kwa sababu hawakuhesabu hizi za ndani, halafu lori linarudi kuleta mbao nane tu na nauli ni ileile.

Kama mchoro wako umesema kenchi moja kila mita 1.2, kwenye urefu wa mita 12 unakuwa na kenchi 11 (nafasi ni 10 ila kenchi ni 11, usisahau ya mwisho). Kenchi 11 ni rafta 22, mbao 44 za futi 12 kwa ajili ya rafta peke yake. Na niseme wazi, Pythagoras anakupa urefu, hakupi nguvu. Unene wa mbao na nafasi kati ya kenchi vinatoka kwa aliyechora nyumba, hapo usikisie.

Sasa bati. Urefu wa mteremko 5.20, ongeza sentimita 5 lining'inie juu ya gata, 5.25. Huko juu halina haja ya kugusana na la upande wa pili, kofia (bati la kufunika mgongo) inafunika. Kama kiwanda kinakukatia, sema 5.25. Kama unanunua zilizokatwa tayari za mita 3 na mita 2.5, ukiziunga kwa kupandisha sentimita 20 unapata 5.30, imetosha na imebaki kidogo. Mbili za mita 3 zingekupa 5.80, nusu mita nzima unaikata na kuitupa kwenye kila mstari.

Na kuna jirani aliniambia yeye atatumia mbili za mita 2.5 kwa sababu ni bei nafuu, kwenye nyumba ya upana kama huu. Nikamwambia tupige hesabu kinyumenyume. Mbili za 2.5 ni 5, toa 0.20 ya kupandisha ni 4.8. Mshazari ukijulikana, kimo unakipata kwa kutoa badala ya kujumlisha: 4.8 x 4.8 toa 4.8 x 4.8. Sifuri. Yaani bati hizo zingetosha tu kama paa limelala kama meza. Alikaa kimya kidogo halafu akasema "kumbe". Hiyo kutoa ni muhimu kuijua, siku una bati tayari unaweza kujua zinaruhusu kimo gani kabla ya kuinua chochote.

Idadi: urefu wa nyumba 12 ongeza upenu 0.6 kila mwisho, 13.2. Kama bati lako likishapandishana linafunika sentimita 75 (uliza pale dukani, kila aina na upana wake), 13.2 gawa kwa 0.75 ni 17.6, chukua 18 kila upande, jumla 36.

Paa likiwa la pande nne

Hapa kwenye kona kuna ile mbao ndefu inayopanda kutoka kona ya nyumba kuelekea mgongoni, na mafundi wengi wanaipima kwa kuiinua na kukata, mara imepungua. Kanuni ni ileile, unaitumia mara mbili. Mbao hii inakwenda ndani mita 4.8 kwa upande mmoja, mita 4.8 kwa upande wa pili, na inapanda mita 2.0, zote kwa pamoja.

23.04 + 23.04 + 4.00 = 50.08
Kipeuo = 7.08

Mita 7.08 dhidi ya rafta ya kawaida ya 5.20. Karibu mita mbili zaidi! Ndo maana mbao za kona huwa zinapungua kila siku. Ukitaka kuona inatoka wapi, simama kwenye kona ya saiti ukitazama ndani: kwanza unakatisha sakafu kwa mshazari, mraba wa 4.8 kwa 4.8, halafu huo mshazari wa sakafu unakuwa upande uliolala wa pembetatu nyingine inayosimama kwa 2.0. Hesabu hii inafanya kazi pale mteremko wa pande zote nne ukiwa sawa, kama haulingani tumia vipimo vya kila upande.

Ngazi, kwa kifupi tu

Ukuta wa mita 4, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani, 16 + 1 = 17, kipeuo 4.12. Ongeza karibu mita 1 ya kushikia unapovuka juu. Ngazi ya mita 4 kwa ukuta wa mita 4 ni ya kuanguka nayo.

Hatua ya mwisho: kabla ya msumari wa kwanza wa bati

Kenchi zimesimama, papi (mbao za kulala zinazogongewa bati) zimepigwa, bati ziko chini zinasubiri, kila mtu ana haraka. Subiri kidogo. Upande mmoja wa paa ni mstatili wa mita 13.2 kwa 5.20 uliolazwa kwenye mteremko, na mstatili una krosi. 174.24 + 27.04 = 201.28, kipeuo chake ni mita 14.19. Panda na mwenzako, mmoja akae kona ya chini kushoto, mwingine kona ya juu kulia, someni, halafu badilishaneni. Zote mbili zisome 14.19.

Zikitofautiana, bati la kwanza ukilinyoosha na ukingo wa pembeni litakuwa limepinda na upenu, la pili litapinda zaidi, ukifika la 18 ncha za chini zimekuwa meno ya msumeno na fishabodi (ubao wa ukingo wa upenu) inaonekana huku imefunikwa, kule haikufunikwa. Hapo rekebisha ncha za papi, zikate au uziongeze mpaka krosi zikubaliane, halafu funga uzi kwenye upenu wote mita 13.2, sentimita 5 nje ya fishabodi, na kila bati liguse uzi huo kabla hujaligonga.

Kisha pandisha la kwanza, mmoja chini kwenye uzi, mmoja mgongoni. Yule wa juu akisema limefika, piga msumari.